Umri wa Kidole

Zamu yangu ilianza saa mbili usiku, upepo wa Agosti
ukitupa vumbi la Dodoma kwenye vioo vya wodi ya pembeni,
ile iliyokuwa stoo ya vitanda vibovu kabla ya ugonjwa huu.
Juu ya barakoa miwani yangu ilishika ukungu.
Wagonjwa walinijua kwa mwendo, si kwa sura.

Bibi Perisi wa Mvumi alikitazama kile kidude
nilichombana nacho kidoleni kama kibanio cha nguo,
akasoma tarakimu polepole, kwa kisomo cha watu wazima:
"Sabini na nane.
Kumbe kinajua umri wangu?
Mimi mwenyewe siujui. Mama alisema tu
nilizaliwa mwaka nzige walipomaliza uwele,
na nzige walikuja zaidi ya mara moja."

Ningemwambia: bibi, hiyo ni hewa iliyomo damuni mwako,
na haitoshi.
Nikasema: kinakadiria.

Kitanda cha dirishani, Bibi Damari wa Kikombo
alikuwa na themanini na mbili.
"Basi ni dada yangu," Perisi akasema,
akamtupia shikamoo kupitia pazia la nailoni.
Damari aliitikia kwa kichwa;
maneno alikuwa ameyawekea akiba.

Usiku wa manane Lameki wa stoo akaja akibingirisha mtungi,
chuma kikigugumia kwenye sakafu.
"Mtungi gani huo usio na maji?" Perisi akauliza.
"Tangu nivunje ungo nimebeba mitungi kichwani,
kisimani nyumbani, kisimani nyumbani.
Leo mtungi ndio unibebe mimi?"
Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi,
kidole kikasema sabini na moja.
"Unaona? Nikicheka napungua miaka."

Mtungi ulikuwa mmoja, nao walikuwa wawili.
Hapo sitasema zaidi.
Daktari aliamua, mimi nilifunga bomba.

Damari akaanza kurudi.
Saa saba, sitini na sita:
bado ana ng'ombe watatu na goti lisilouma
(haya binti yake alinisimulia kwa simu,
akiwa nje ya geti, kwenye baridi, hataki kwenda kulala).
Saa nane, hamsini na tisa: anamzika mumewe,
anakataa kurithiwa na shemeji.
Saa tisa na robo, hamsini:
anakimbia kando ya behewa na kikopo cha karanga,
abiria ameshachukua, chenji bado, treni imeshaondoka.
Kisha arobaini na kitu, mtoto mgongoni,
nami namwita, mama, usiende mbali hivyo,
mama, geuka,
mpaka kioo kikaonyesha vistari viwili tu,
kama kwa mtoto ambaye hajapewa jina.

Asubuhi yule binti alinipa hotipoti getini
kabla sijafungua mdomo.
Ugali wa uwele, mlenda.
Ilikuwa bado ya moto, nikaipokea kwa mikono miwili.

"Dada yangu yuko wapi?"
"Amehamishwa, bibi."
Alinitazama muda mrefu.
"Aliondoka akiwa na ngapi?"
Nilijifanya nanyoosha shuka.

Mitungi mingine ilikuja, safari hii kwa lori.
Perisi akafika themanini na nne, themanini na tisa,
akalalamika kwamba hospitali inazeesha.
"Nikitimiza mia nitakufa?"
"Ukitimiza mia, bibi, umepona."
"Nyie watu mna hesabu za kichawi."

Siku ya kutoka, karani wa dirishani aliuliza umri.
"Tisini na tatu," akajibu, akimwonyesha kidole kitupu.
Karani akaandika. Mbukwenyi, akatuaga sote,
hata kitanda cha dirishani,
ambacho tayari kilikuwa na mtu mwingine.

Nilipangusa kidude kwa spiriti.
Wodi ilikuwa imetulia kidogo, nikakibana kidoleni mwangu.
Nina miaka thelathini na moja.
Kikasema tisini na nane,
nami, na miguu ile, sikuwa na la kubisha.