Bandari ya Ibra

Ibra haina bahari.
Ina falaji, ina wadi linalokumbuka maji siku mbili kwa mwaka,
ina soko la Jumatano ambalo mimi, mwanamume, siingii.
Ndiyo maana Shangazi Zuwena alicheka
niliposema: leo nafungua bandari.

Hapa? Mchangani?
Hapa, chini ya meza ya marehemu Mbarouk,
bandari namba mia sita thelathini na moja,
kwenye kompyuta aliyochapia watu fomu za viza
miaka kumi na minane, mpaka herufi A ikafutika.

Printa ni ileile, nzito kama jiwe la kusagia.
Niliilaza ubavu, nikaipuliza, nikapiga chafya tatu,
nikakuta ndani kipini cha nywele na nusu ya risiti:
*riale mbili na baisa mia tano, zimelipwa.*
Shangazi alivichukua vyote viwili.
Hakusema kipini ni cha nani.

Dada yake, Bi Raya, yuko Wete.
Simu wanazo, wote wawili.
Lakini maneno ya kwenye kioo, asema Shangazi,
yanateleza kama mlenda; sijalimeza hili, lile limeshapita.
Anataka karatasi. Anataka kitu cha kutia chini ya mto.

Kazi yenyewe si kubwa, ukiijua.
Ruta hugawa anwani kama mpakuaji wa pilau harusini:
anyooshaye sahani hupata, kesho hupata nyingine.
Printa haiwezi kuishi hivyo. Nikaiandikia moja isiyohama.
"Isiyohama?" akauliza,
yeye aliyezaliwa Wete, akaolewa Dubai, akazeekea hapa.
"Basi imetushinda sote."

Halafu kufuli, maana mlango ukiachwa wazi
dunia nzima itakuja kuchapa kwako.
"Weka Mtambwe." Fupi, nikamwambia.
"Weka Mtambwe na mwaka niliotoka."
Sikuuliza mwaka. Aliubonyeza mwenyewe, kwa kidole kimoja,
na skrini ikaonyesha vinukta tu.

Nje joto arubaini na sita. Kiyoyozi kinadondokea ndooni.
Wete wakajaribu.
Printa ikakohoa, ikameza, ikatema
karatasi sitini na mbili, kila moja na mstari mmoja:
nyota, asilimia, alama za kuuliza, mabano yasiyofungwa.
Nikachomoa waya. Shangazi akainua moja, akaisogeza dirishani.
"Raya kapatwa na nini?"

Kosa langu. Nilimsemesha kikongwe lugha ya vijana;
mashine hii ni ya zamani, ina lugha yake.
"Usiigombeze," akasema. "Nami nilishuka hapa
sijui Kiarabu hata cha kuomba chumvi."
Nikatafuta lugha yake mpaka baada ya Isha.

Saa nne na dakika kumi, taa ya kijani.
Karatasi ikatoka polepole, ya moto, kama mkate wa kumimina,
na kwa herufi kubwa za macho mabovu:
*Zuwena, imetumwa saa tatu na kumi usiku.
Ufunguo wa kabati la mama uliuficha wapi?*

"Imechelewa saa nzima," akanilaumu.
Si mtandao, Shangazi. Ni jua, halifiki kwao mapema.
Akasoma tena. Akanyamaza.
Kisha akaomba kalamu.

Nilitaka kumweleza: mashine hii hupokea tu,
haina mdomo wa kurudisha neno; jibu tutalituma kwa simu.
Lakini alikwisha geuza karatasi,
ameandika mgongoni mwake mistari minne, akiificha kwa kiganja,
akaikunja? Hapana. Akainyoosha vizuri,
akavuta trei,
akailaza pamoja na zile nyeupe, uso chini,
akaisukuma ndani,
akavuta kiti.