Kumbikumbi wa Uzi

Muuza vifaa alinihesabia ndoano tatu kiganjani,
ndogo kama kucha za mtoto mchanga,
akauliza, mama fundi, kwa hizi utavua nini, viroboto?
Nikalipa. Nikazifunga kwenye pindo la khanga.

Nashona sare Mpwapwa, nyuma ya soko,
na huu mwaka wa kumi na tisa nadanganya macho kwa uzi:
bega lililopinda hukaa sawa,
mtoto aliyekonda hujaa.
Nikajisemea, jicho la samaki lina nini cha zaidi?

Wa kwanza nilimpa mabawa ya ganda la kitunguu.
Alilowa, akanyauka, akazama kama kijiko.
Wa pili, unyoya wa tetea wa jirani yangu Lechipya,
na kiwiliwili nikakizungushia uzi wa damu ya mzee
uliobaki kwenye sketi za kidato cha pili,
mizunguko sita, fundo nikalikaza kwa meno.
Mume wangu Chedego alimnyanyua kwenye mwanga wa taa:
"Samaki hali mapambo. Chimba minyoo."
Akalala.
Nikamkaza kiuno kidogo zaidi,
kama wanavyotaka maharusi.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa Alhamisi,
na alfajiri ardhi ikafumuka.
Walitoka vichuguuni kwa maelfu.
Watoto wakakimbia na mabeseni,
mimi nikakimbia na mwanzi.

Mto wetu si wa kujisifia.
Miezi saba ni mchanga, na mchanga wenyewe
matipa huuhamishia Dodoma ukawe ghorofa za watu.
Kinachobaki ni kidimbwi kimoja chini ya mwamba,
upana wa vitenge vitatu,
na mkuyu umekiinamia.
Mkuyu ule una kuyu za namna mbili:
kuyu linalodondoka, na kuyu anayepanda.
Tunda likipiga maji, tubwi,
samaki huja kuangalia ni nani ameita jina lake.

Nilichuchumaa nyuma ya jiwe, kivuli changu nimekikalia.
Sikutupa. Kwanza nilisoma:
duara hapa, duara pale, midomo isiyo na haraka
ikiokota mabawa juu ya maji ya rangi ya chai.

Mtupo wa kwanza nililivua tawi.
Wa pili ulianguka kwa kishindo, dimbwi zima likanyamaza.
Nikasubiri kwa muda wa kushona kola mbili.
Wa tatu niliupunga mwanzi
kama unavyokung'uta shuka usimwamshe mtoto,
na kumbikumbi wangu akashuka
kana kwamba amechoka mwenyewe.

Duara.

Sijui niseme nini kuhusu uzito ule.
Nailoni ilinikata kidole kilekile cha sindano.
Nilipomfungua mdomo, kuyu, dhahabu ubavuni,
ndani mlikuwa na kumbikumbi wa Mungu wanne
na wa kwangu wa tano, foleni moja,
hakuna aliyeambiwa ampishe mwenzake.

Tulimla kwa ugali wa uwele.
Chedego alinyonya kichwa, akatema mfupa,
akasema, "Chumvi imezidi,"
na kwake hiyo ni sifa.

Samaki wa pili sikumpata. Alikata nailoni
akaingia chini ya mizizi, wangu yuko mdomoni.
Ndiyo maana, Mwalimu Sechonge, sketi ya binti yako
imemalizikia kwa uzi mweusi pindoni.
Ule wa damu ya mzee najua ulipo.
Mvua ikirudi nitakwenda kuuomba.