Ndoo ya Ghorofa ya Nne

Walibandika karatasi mlango wa kantini, Mabibo,
wino wa zambarau: Dada wa Mkeka wanakaribisha
wasichana wa mwaka wa kwanza. Nafasi sita tu.
Wande akaisoma kwa sauti, akacheka,
akachomoa pini moja, akabania kanga yake.

Mimi nilikuwa mbebwa wake. Sikupata chumba;
nililala kichwa miguuni pake, kitanda cha chini,
na bumu halijatoka.
Ndiye aliyesema twende wote.
Ndiye aliyeniazima viatu.

Siku ya kwanza ilikuwa chai. Ya pili, pilau:
kila mmoja achambue mchele, wao wakitutazama vidole.
Kokugonza, sheria mwaka wa tatu, alikaa katikati ya mkeka
kama wifi anayekagua vyombo vya biarusi.
Umesoma wapi? Baba anafanya kazi gani?
Baba yangu anauza vipuri vya baiskeli Buguruni.
Nikasema: mfanyabiashara.
Wande akasema: baba sina. Nina mjomba, mlinzi.

Siku ya tatu swali lilikuwa moja.
Saa nane ya usiku unamkuta mwenzako
analia chooni. Utafanya nini?

Nilijibu vizuri. Nitamkumbatia, nilisema,
nitamwambia tuko pamoja, dada ni dada.
Mtu akapiga kigelegele kifupi.

Wande alifikiri mpaka feni ikasikika.
"Nitamwekea ndoo ya maji nje ya mlango, niondoke.
Akitoka, anawe uso. Asijue ni nani."
Wakatazamana.
"Kwa hiyo utamwacha peke yake?"

Kura ni nafaka: kunde ndiyo, choroko hapana,
mkono chini ya kitambaa, ndani ya sufuria.
Mimi, kunde tisa.
Yeye hata hesabu hakuambiwa.

Sare nikashonewa Manzese, kitenge cha kijani.
Nikaijaribu mbele ya kioo chake;
akanifunga zipu mgongoni, akasema, imekukaa.
Nikamrudishia viatu.
Hakuuliza walisema nini alipotoka,
nami sikumwambia kwamba nilicheka nao.

Mwezi wa tatu matokeo yakatoka. Sapu tatu.
Kwenye mkeka wakaniambia pole, tuko pamoja,
wakarudi kwenye hesabu za tisheti.
Usiku nikajifungia choo cha mwisho, ghorofa ya nne.
Maji yalikuwa yamekatika tangu Jumatatu.

Nilipofungua mlango: ndoo.
Imejaa hadi ukingoni, na kopo likielea juu,
lile lenye ufa, tulilokuwa tukiogea sote wawili.
Korido tupu.
Matone tu, kutoka ngazini
hadi miguuni pangu.

Niliinawa ile ndoo yote, hadi mikono ikakunjamana.
Asubuhi nikamkuta anapiga pasi.
Akaniuliza kama nimekula.

Leo ni zamu yangu kukaa katikati ya mkeka.
Wamekuja kumi na mmoja, wamepaka mafuta hadi visigino.
Nitamkumbatia, anasema wa kwanza.
Nitamkumbatia, nitamwombea, anasema wa pili,
na wa tano analia kidogo ili tumwone.
Wa saba hasemi kitu. Anakuna kiwiko.
Kunde imeshalowa jasho kiganjani mwangu;
nasogea mbele nisikie.

"Kwani," anauliza, "usiku huo maji yapo?"