Jembe la Usoni

Torgny ametundika pipa la bluu ukingoni mwa msitu wake,
na saa ndogo ameifunga chini ya kitako:
ikifika jioni, krrr, mahindi yamwagika
na vichaka vyote vyasimamisha masikio.

"Wakishiba kwangu," aliniambia, "hawatavuka kwako."
Nikaamini. Jirani aliyekuazima trekta msimu mzima
humdai ushahidi.

Julai, ngano ikatia maziwa.
Asubuhi moja nikakuta shamba limelala kifudifudi,
masuke yametafunwa, yakatemwa,
udongo umepinduliwa kama godoro lililosakwa pesa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa nguruwe mwitu walikuja na majembe yao usoni.

Ndipo akaja Ylva wa chuo kikuu, buti kubwa kuliko miguu yake,
yeye aliyemvika jike mmoja kola yenye redio.
Akatandaza ramani mezani, juu ya makombo ya mkate:
kila nusu saa, nukta moja nyekundu.
Kabla ya pipa nukta zilitangatanga, kilima hiki, bwawa lile,
kama mtu asiye na anwani.
Baada ya pipa zikarundikana.
Jike alilala mchana kutwa hatua mia mbili kutoka kwenye mahindi,
jioni akala,
kisha, tazama, uzi mwembamba wa nukta
ukavuka mtaro, ukaingia kwangu,
ukarudi kabla hakujapambazuka.

"Kwa hiyo hawashibi?"
"Wanashiba," akasema. "Ila wamehamia."

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.
Pipa lilikuwa kigingi, na kamba
ilifika hadi katikati ya ngano yangu.

"Si kila pipa," akaongeza, kwa tahadhari ya wasomi.
"Lingewekwa ndani kabisa, mbali na mashamba, pengine..."
Akaikunja ramani bila kuimaliza sentensi.

Sikumwambia kilichomo ghalani.
Nyuma ya turubai kuna viazi vyangu vya mwaka jana,
vimelegea, vimechipua macho,
na macho yote yananitazama mimi.
Soko limevikataa. Torgny havikatai:
kila Ijumaa hununua magunia manne ya kuwalisha wageni wake,
na pesa naitia kwenye kopo la kahawa
lililoandikwa, kwa mkono wangu, *mbegu za ngano*.

Leo ni Ijumaa.
Nasikia trekta ikikata kona.