Duara kwenye Tano

Kidato cha Pili B, shule ya kata, nje kidogo ya Bahi.
Wanafunzi sitini na mmoja, madawati thelathini na nane,
upepo wa Agosti unaingia bila hodi
(vioo vya madirisha bado viko kwenye bajeti)
na mimi mbele, na rundo la madodoso
nililolikandamiza kwa jiwe.

"Hakuna jibu sahihi," nikasema, "wala hakuna kosa.
Moja ni kamwe, tano ni kila wakati.
Zungushia namba inayokuhusu."
Mwalimu wa zamu akadakia kutoka mlangoni:
"Na mjibu vizuri! Msituaibishe!"
Majibu mengine nikayajua kabla kalamu hazijagusa karatasi.

Neno lenyewe lilitutoa jasho wiki tatu ofisini.
Umakini? Hilo la mwalimu mwenye fimbo.
Utulivu? La mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa.
Uzingativu likakaa ukingoni mwa kiti
kama mgeni asiyevua viatu.
Mwisho tukaandika: kuwapo pale ulipo.
Ndahani (si jina lake, niliahidi) akanyoosha kidole:
"Sasa mtu anawezaje kutokuwapo pale alipo?"
Darasa likacheka. Mimi nilicheka wa mwisho.

Swali la nne: Ninakula bila kujua ninachokula.
Mnong'ono: "Mlenda huo, utaacha kuujua?"
Swali la saba: Mawazo yakija, ninayaacha yapite.
"Yapite kwenda wapi?"
Mwongozo ulikuwa kimya hapo.
Swali la tisa: Mambo hutokea karibu yangu nisiyatambue.

Ndahani alizungushia tatu, tatu, tatu,
safu imenyooka kama reli ya kwenda Manyoni,
akamaliza kwa dakika nne, akalalia mkono.

Sechelela (naye si jina lake) alisoma
kama anayechambua mchele kwenye ungo,
punje huku, jiwe huku,
na kwenye la tisa akainua kichwa.
"Kaka, pikipiki yako inatoa upepo."

Tukanyamaza. Kweli: sssss,
uzi mwembamba chini ya kelele za mabati,
tairi la nyuma likishuka
taratibu, kama ng'ombe anayejilaza.
Yeye alisharudi kwenye karatasi.
Akazungushia tano.

"Mbona tano?" nilimuuliza nikikusanya,
kinyume cha mwongozo, najua.
"Jana nilisahau kufunga zizi. Ndama akatoka.
Na nilikuwa nimesimama palepale."
Akafunika kalamu. "Tena hilo ndilo ninalolijua."

Usiku, Dodoma mjini, niliingiza tarakimu.
Walioogopa kumwaibisha mwalimu: juu kabisa.
Ndahani: katikati, mfano mwema wa wastani.
Sechelela: mkiani.
Namba zilitulia katika safu zake,
hazina zizi, hazina ndama.
Hakuna aliyenidanganya, hata yule wa tatu tatu.
Ila anayejua ametoka mara ngapi
ni yule anayerudi.

Nikachukua dodoso tupu, nijipime.
La tisa.
Nilisukuma pikipiki kilomita tatu hadi kwa fundi:
nilipishana na nini?
Nakumbuka jasho. Nakumbuka nikipanga
nitakavyolisimulia tairi ofisini.
Nikazungushia mbili, nikafuta, nikazungushia nne,
nikafuta, karatasi ikatoboka.

Chini ya kila ukurasa kuna mstari mmoja:
Maoni ya mtafiti. Huwa tunauacha.
Kwenye dodoso namba arobaini na saba
niliandika: alisikia tairi.
Kompyuta ikaniuliza niliweke safu gani.