Kabla Maji Hayajapanda

Umeme ulikatika nikiwa kwenye picha ya tisa.
Historia ya Kanisa, Alhamisi, saa nane mchana,
mapazia yameshushwa, bati linalia kwa joto,
na Nehemia Chidosa, asiyekosa swali,
akauliza gizani:
"Mwalimu, yule mama, mbona kidole mdomoni?"

Subiri, nikasema. Kwanza ukuta.
Ukuta ulikuwa Nubia, kando ya Naili,
katika kanisa lililomezwa na mchanga
hata wajukuu wa waliolijenga wakasahau lango lilipo.
Kisha Misri ikajenga bwawa, mto ukaanza kupanda,
wakaja watu na nta ya moto, karatasi laini na misumeno,
wakambandua yule mama ukutani
kama unavyobandua ukoko wa ugali:
taratibu, usivunjike, kuna mtoto anausubiri.
Wakawabandua maaskofu, weusi wa nyuso, macho kodo,
wakambandua malaika, bawa moja moja.
Maji yalipofika
yalikuta kuta zimevuliwa nguo.

"Kumbe!" Chidosa akasimama, nilisikia kiti.
"Kumbe imani hii ilikuwa yetu
kabla meli ya mmisheni haijatia nanga Unguja!"
Darasa likapiga makofi.

Nami nilitaka kupiga. Ningependa sana.
Lakini yetu, nani? nikawauliza.
Mnubi hakumjua Mgogo.
Aliandika lugha yake kwa herufi za Kiyunani,
akaongeza herufi za wafalme wake wa kale
pale Kiyunani kilipokosa sauti.
Alikula mtama, ndiyo, kama sisi.
Huo si undugu. Ni uchache wa mvua.

Wakanyamaza. Nikajuta kidogo.

Kuna jambo sikuwaambia.
Kabla Mtera haijawa bwawa
tulikuwa na kanisa huko bondeni, la tembe,
paa la udongo, na panzi humo ndani wakati wa masika.
Katekista Mbijima alilijenga kwa miti ya mikwata.
Hapakuwa na askofu ukutani, wala malaika.
Palikuwa na mstari mwekundu chini ya dirisha
ambao bibi yangu, Mazoya, aliupaka kila Pasaka
kwa kiganja, kwa udongo wa kichuguu,
na mwishoni, pale udongo ulipoisha,
vidole vyake vitano.
Ngoma yake ya muheme aliiacha nje ya mlango.
Enzi hizo ngoma haikuingia.
(Uhabeshi inaizunguka madhabahu, tangu lini sijui.
Nilipomsomea hilo, bibi alicheka mpaka akakohoa.)

Maji yetu yalipokuja hakuja mtu na nta.
Lilikuja lori.
Tulipakia meza, kikombe cha bati,
na kipande cha reli kilichokuwa kengele.
Ukuta haupakiwi.

Mwaka wa ukame mkubwa bwawa lilirudi nyuma.
Nikaenda naye, juu ya tope lililopasuka,
miiba ya samaki ikivunjika chini ya kandambili,
hadi kwenye msingi: mawe machache, kama meno ya mzee.
Bibi akasimama palipokuwa mlango, upande wa nje,
pale pale pa ngoma,
akaweka kidole mdomoni.
Nikadhani ananikataza kusema. Nikanyamaza muda mrefu.
Kumbe alikuwa anahesabu viti, safu kwa safu,
na nani alikaa wapi.

Umeme ukarudi. Yule mama akarudi ukutani kwetu,
uso mpana, kidole pale pale.
Wataalamu, nikasema, wengine wanasema anaomba,
wengine, ananyamaza.
Andikeni yote mawili, mwache na nafasi.

Chidosa hakuandika.
"Na ukuta wenyewe, mwalimu?"
Uko chini ya maji.
"Kina chake?"

Inategemea mvua, nikamjibu,
na kalamu ishirini zikaandika
kabla sijajua nimejibu bwawa lipi.