Kitovu cha Gurudumu

Niliinunua kwa Bi Godelieve wa Drongen, euro arobaini
na chupa mbili za bia nilizoongeza kwa haya.
Ilikuwa inaning'inia bandani, kichwa chini,
kama mbuzi wa buchani,
nambari thelathini na nane bado imebandikwa chini ya kiti.
"Ya kaka yangu Maurits," alisema. "Alikuwa wa kumi na moja
kule Deinze, siku ya mvua."
Basi. Akafunga mlango.

Gent ni tambarare mpaka ufike darajani.
Gia kumi za nini?
Moja itanitosha, nikajiambia,
kama kijiko kwa mtu anayekula peke yake.

Nikaanza kuondoa.
Waya, zikinidunga vidole uzi mmoja mmoja.
Vijiti vya gia. Breki ya nyuma.
Ya mbele nimeiacha; mimi si shujaa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema.
Hawakusema ainame siku tatu
juu ya pini moja ya krenki iliyoshikwa na kutu,
akiipaka mafuta jioni, akiitukana asubuhi,
mpaka Joris wa chini agonge dari kwa ufagio.
Siku ya nne ikatoka yenyewe, bila kelele,
kama mgeni aliyekumbuka kwao.

Ndani, grisi nyeusi na gololi kumi na tisa.
Zinatakiwa ishirini na mbili.
Maurits, uliendeshaje?

Gurudumu la nyuma nikatafuta jingine:
meno kumi na saba yamekazwa kitovuni moja kwa moja,
na nati ya kuyalinda, inayokazwa kinyume, kwa kushoto,
ili miguu ikivuta nyuma isilegee.
Niliipenda nati ile. Nina ndugu wawili
ambao ingewafaa.
Nikalivuta gurudumu kwenye midomo mirefu ya fremu
(fremu za zamani zina midomo mirefu)
mpaka mnyororo ukatulia, ukabaki kucheza kidogo tu,
upana wa kidole.

Jumapili alfajiri. Mtu husahau mara moja.
Kwenye mteremko wa daraja nikaacha kukanyaga,
mazoea ya miaka thelathini yakaacha kukanyaga,
na baiskeli ikanirusha kutoka kitini
kama punda aliyeona nyoka.
Pedali hazikuningoja. Zilinichukua miguu, zikaenda nayo.
Mashahidi ni bata watatu.

Kufikia Alhamisi tulikuwa tunaelewana.
Kupunguza mwendo ni kubishana na mapaja,
kuongeza ni kukubaliana nayo,
na katikati hakuna kupumzika, ila kuna kimya,
kimya kizuri, tairi na lami tu.

Nikampelekea Bi Godelieve aione.
Alitoka na aproni yake. Nikazunguka ua mara mbili, nikiringa.
"Mbona hailii?"
Nikaeleza: kile kidude cha nyuma kinacholia
ukiacha kukanyaga, nimekitoa. Hii haiachi.
Aliitazama nyuma ya baiskeli, si mimi.
"Jioni alikuwa anaacha kukanyaga
pale kwenye lango la Vercruysse.
Nikiisikia tu, naepua viazi."

Nyumbani nilimwaga sakafuni kopo zima la vyuma.
Kilikuwa chini kabisa, meno yamekwisha, kutu ya rangi ya chai.
Sikukisafisha sana. Nikakifunga gazetini.

Alikiweka mezani, kando ya chumvi,
akakishika kwa mkono mmoja,
akakizungusha kwa kidole gumba.
Tiki-tiki-tiki-tiki, tiki, tiki.
Akangoja kinyamaze.
Akakizungusha tena.

Nikatoka bila kuaga.
Nilipopita lango la Vercruysse
nilikuwa bado nakanyaga.
Nayo hainiruhusu vinginevyo.